Penseli iliyonyamaza mwaka 1992

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Baltimore. Mzee niliyekaa naye miaka minne amefariki, na wanawe wamenipa sanduku lake la majarida ya mbio za farasi, ya kuanzia miaka ya sitini hadi mwanzoni mwa tisini. Alikuwa akiniambia, "Watu kama hawa hawaandiki tena," huku machozi yakimlengalenga. Mimi si mtu wa kamari na dini yangu hainiruhusu, lakini nataka kumwelewa. Hao waandishi walikuwa wanajua kweli, au walikuwa wakiwala watu pesa zao? Humo sandukuni mna pia daftari lililojaa vitu kama "BOW 1-28 S3". Nilidhani ni dawa zake. Maandishi ya daftari yanaishia ghafla mwaka 1992 na kurasa nyingi zimebaki nyeupe. Je, sanduku hili lina thamani yoyote?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa msiba. Miaka minne ni mingi. Mtu unayemlisha na kumfunika shuka usiku si "mteja" tena.

Nianze na daftari. BOW ni Bowie, uwanja wa mbio uliokuwa kati ya Baltimore na Washington, ule ulioanza kuwazoesha watu wa pwani ya mashariki ya Marekani mbio za msimu wa baridi mwishoni mwa miaka ya hamsini. Ulifungwa mwaka 1985. 1-28 ni Januari 28, maana Wamarekani hutanguliza mwezi. Na S3 (S ni slow, yaani polepole) maana yake siku hiyo uwanja ulikuwa mzito: saa za washindi zilichelewa kwa humusi tatu za sekunde, yaani 3/5. Kwa hiyo mzee wako hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Alikuwa mtu wa kupiga hesabu za saa na sekunde. Kwa nini penseli yake ilinyamaza mwaka 1992, nadhani nalijua hilo pia, ila hatufiki huko bila kupita kwa waandishi wake.

Mimi farasi niliwajulia Ngong, Nairobi, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 1954. Pale kijitabu cha mbio za Jumapili kilikuwa chembamba: jina la farasi, uzito anaobeba, joki, mkufunzi, rangi za shati. Ukimpenda unamwekea shilingi zako, ukimaliza unakula samosa. Mwaka 1984 nikafika New York kusoma uhasibu, na Jumamosi moja mwenzangu wa chumbani akanipandisha treni ya A hadi Aqueduct, uwanja wa mbio wa huko. Akanunua gazeti la Daily Racing Form, akanikabidhi. Nilipolifungua nilidhani nimepewa jedwali la logi tulilokuwa tukiteswa nalo sekondari.

Mstari mmoja ni mbio moja ya farasi mmoja. Ndani ya mstari huo umeelezwa tarehe, uwanja, umbali, hali ya udongo, saa ya aliyetangulia katika kila kituo (sehemu za njia ambapo saa hupimwa), nafasi ya farasi wako katika vituo hivyo na alikuwa nyuma kwa urefu wa farasi wangapi, joki gani, uzito gani, umma ulimpa nafasi kiasi gani, na watatu wa kwanza walikuwa kina nani. Farasi mmoja ana mistari kama kumi. Mbio moja ina farasi wanane au kumi. Siku moja ina mbio tisa. Gazeti hilo lilianzishwa Chicago mwaka 1894 na Frank Brunell, na kwa karibu karne nzima hapakuwa na mcheza farasi wa maana Marekani aliyeingia uwanjani bila hilo kwapani. Lakini Form lilikuwa duka la unga. Lilikuuzia unga, halikukufundisha kusonga ugali.

Kusonga kulifundishwa na majarida, hayo yaliyomo sandukuni mwako. Yaliyotamba ni mawili: American Turf Monthly, lililoanza mwaka 1946, na Turf and Sport Digest, ambalo lilikuwa likichapishwa hapohapo Baltimore unapoishi. Sitashangaa ukiyakuta hilo la pili ndiyo mengi.

Fungua lolote na utaona ugonjwa wake na uzuri wake kwa pamoja. Kurasa za mbele, makala ya mtu aliyekaa na rekodi miaka ishirini, akikueleza kwa utaratibu kwa nini farasi anayerudi baada ya mapumziko marefu mara nyingi hukimbia vizuri zaidi mbio ya pili kuliko ya kwanza. Kurasa za nyuma, tangazo la mtu anayeuza "mfumo" usioshindwa kwa dola kadhaa, utumiwe kwa posta ndani ya bahasha isiyo na maandishi nje ili mke asijue. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Umewahi kuwaona wale wa Telegram wanaowauzia vijana wetu "mechi za uhakika"? Babu zao wamo humo kurasa za mwisho. Na wakati mwingine, nasema kwa masikitiko, mwandishi wa mbele na muuzaji wa nyuma walikuwa mtu mmoja mwenye majina mawili.

Kwa hiyo swali lako la wanajua au wanadanganya, jibu ni yote mawili, tena katika toleo lilelile. Mzee wako aliyajua yote hayo. Hakuwa akiwalilia wauza mifumo.

Kwanza elewa ni nyakati zipi. Katika Marekani ya miaka ya hamsini na sitini, mtu aliyetaka kuweka dau kihalali alikuwa na farasi, na nje ya Nevada hakuwa na mengi zaidi. Bahati nasibu ya kwanza ya jimbo katika zama hizi ilianza New Hampshire mwaka 1964. Kasino za Atlantic City zilikuja mwaka 1978. Maana yake vichwa vyote vilivyopenda hesabu za bahati, ambavyo leo vingekuwa kwenye hisa au kompyuta, vilikuwa vimekaa jukwaani Bowie na Pimlico, uwanja wa mbio wa Baltimore, na penseli sikioni. Na waandishi walitoka popote. Gazeti la Morning Telegraph la New York, lililokuwa la watu wa farasi na tamthilia hadi lilipokufa kwa mgomo mwaka 1972, liliwahi kumwajiri Bat Masterson, yule mlinda sheria mwenye bastola wa Magharibi ya kale, kuwa mwandishi wake wa michezo. Alifia mezani pake ofisini mwaka 1921, safu yake iko mbele yake.

Katika sanduku utaliona mara nyingi jina la Ray Taulbot, wa American Turf Monthly. Huyu alikuwa mhubiri wa mwendo. Hoja yake ukiivua hesabu zake inabaki methali yetu wenyewe: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ukiwa na farasi wawili ambao hawajui kukimbia isipokuwa mbele, watashikana tangu mwanzo, watachinjana kwa nusu maili, na wa tatu aliyekaa nyuma kimya atawapita wote wawili wakiwa hawana pumzi. Lakini akiwa peke yake mwenye tabia hiyo, hana wa kugombana naye, atakwenda zake hadi mwisho. Kwa hiyo saa aliyomaliza farasi jana haikuambii kitu mpaka ujue aliipata akipigana na nani. Leo kila mtu anasema hivyo. Wakati ule wengi walikuwa wakitazama uzito na jina la joki tu.

Kisha yupo Tom Ainslie. Huyu ndiye, kwa kalamu, ninayempenda kuliko wote. Jina lake halisi lilikuwa Richard Carter, mwandishi kamili aliyekuwa ameandika kitabu kuhusu Jonas Salk na chanjo ya polio. Ainslie lilikuwa jina lake la viwanjani. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1968 kilimchukulia mcheza farasi kama mtu mzima mwenye akili, jambo ambalo hata mke wa mchezaji alikuwa hamfanyii. Hakuahidi utajiri. Alimfundisha msomaji kwamba kabla ya kuuliza farasi gani atashinda, aulize kama mbio yenyewe inafaa kuchezwa. Na mbio nyingi, alisema, hazifai, kaa chini unywe kahawa. Mtu anayeuza ndoto hawezi kukuambia ukae chini.

Wengine niwapitie haraka. Steven Davidowitz alifundisha watu kutazama uwanja wenyewe, kwamba kuna siku udongo wa kando ya uzio unakimbiza na wa katikati unanasa, na aliyeshindwa akiwa katikati si aliyeshindwa kweli. William Quirin, profesa wa hesabu, aliingiza maelfu ya mbio kwenye kompyuta na mwaka 1979 akaonyesha kwamba kasi ya mapema ina faida kubwa kuliko watu walivyodhani. Howard Sartin wa California alikuwa mwanasaikolojia aliyepewa kundi la wacheza kamari waliopotea, akasema dawa ya kupoteza ni kushinda. Huyu nampenda kama mhusika wa hadithi; kama tabibu, sijui kama ningempelekea ndugu yangu.

Lakini daftari la mzee wako ni mtoto wa mtu mmoja, naye ni Andrew Beyer.

Beyer alikuwa mwanafunzi wa Harvard. Mwaka 1966 alikuwa na mtihani wa mwisho juu ya Chaucer, mshairi wa kale wa Kiingereza, ukagongana na Belmont Stakes, mbio kubwa ya New York, ambayo mwaka huo ilikimbiwa Aqueduct kwa kuwa Belmont kwenyewe kulikuwa kunajengwa upya. Akaenda Aqueduct. Farasi wake, Amberoid, akashinda. Hakuhitimu, akawa mwandishi wa mbio za farasi Washington, na miaka mingi akiwa na safu katika Washington Post. Mwaka 1975 akatoa kitabu kilichobadilisha mchezo mzima.

Hapa vumilia kidogo, nikuonyeshe alichokuwa akifanya mzee wako usiku. Daily Racing Form lilikuwa na alama yake ya kasi tangu zamani: rekodi ya uwanja ni 100, kila humusi ya sekunde unayochelewa inakatwa moja. Inapendeza, ila ni mbovu. Rekodi ya uwanja mmoja imewekwa na bingwa, ya mwingine na farasi wa kawaida siku ya upepo mzuri. Na mvua ikinyesha kila kitu kinavurugika. Sasa chukua farasi wawili. Wa kwanza alikimbia falongi sita, kama mita 1,200, Jumanne pale Bowie kwa dakika moja na sekunde 11. Wa pili Alhamisi, dakika moja, sekunde 11 na humusi nne. Nani mwenye kasi? Umma unamkimbilia wa Jumanne. Lakini mtu wa daftari amekaa na matokeo ya mbio zote tisa za kila siku. Kila mbio anaijua saa ambayo farasi wa daraja lile kwa kawaida huipata. Anaona Jumanne karibu wote waliwahi kwa humusi nne: uwanja ulikuwa mkavu, mgumu, unasukuma. Anaandika F4 (F ni fast, yaani kasi). Alhamisi wote walichelewa kwa humusi tatu. S3. Akisawazisha, wa Jumanne anarudi sekunde 11 na humusi nne, wa Alhamisi anapanda hadi sekunde 11 na humusi moja. Farasi "mzito" ndiye aliyekuwa mwepesi, na kwa kipimo cha zamani cha viwanjani, humusi moja kwa urefu wa farasi mmoja, amemwacha mwenzake kwa urefu wa farasi watatu.

Hayo hayakuwa yameandikwa popote. Kuyapata ilibidi ukae mezani kila usiku, uwanja kwa uwanja, mwaka mzima, watoto wamelala. Beyer alieleza njia nzima kitabuni bila kuficha kiungo. Wengi walisoma, wakasema kweli, wakarudi kuangalia televisheni. Mzee wako ni katika wachache waliochonga penseli.

Na hapa kuna jambo ambalo wasiocheza farasi hulikosa. Kwenye farasi wa Marekani, kwa kawaida huchezi dhidi ya kampuni kama vijana wetu na mikeka yao ya simu. Pesa zote za dau hutiwa kapu moja, mfumo uliobuniwa Paris na Joseph Oller miaka ya 1860. Uwanja na serikali wanakata chao, asilimia 15 hadi 20 na zaidi kutegemea aina ya dau, na kinachobaki wanagawana waliopatia. Unacheza dhidi ya jirani yako aliyekaa kiti cha pili. Tuseme kapu lina dola 100,000, zikakatwa 17,000, zikabaki 83,000. Farasi wetu wa Alhamisi, ambaye ni watu wa madaftari tu wamemwona, ana dola 10,000 juu yake. Akishinda, tiketi ya dola 2 inalipa 16.60. Sasa mchapishe gazetini kwamba huyu ndiye mwenye kasi, watu wammwagie 40,000. Farasi yuleyule, miguu ileile, ushindi uleule: tiketi inalipa dola 4, na vile visenti vya juu uwanja unavikata kabla hujaviona.

Mwalimu wa hesabu akilifundisha vizuri darasa zima, darasa zima linafaulu. Mwandishi wa farasi akifanya hivyo, darasa zima linafeli, kwa kuwa mtihani ni kumshinda jirani na jirani naye kasoma. Ndiyo maana majarida yale yaliishi vizuri maadamu wasomaji wengi walikuwa wavivu. Waandishi bora walikuwa wakigawa mkate wao wenyewe, na walijua.

Sasa tufike 1992. Mwaka uliotangulia, Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, alianzisha The Racing Times ili kupambana na Form, mhariri akiwa Steven Crist. Ndani yake, kando ya kila mbio ya kila farasi, zikachapwa namba za kasi za Beyer, zilizotokana na hesabu kama zile za daftari, zikiwa tayari zimepikwa. Novemba 1991 Maxwell akakutwa amekufa baharini karibu na visiwa vya Canary, himaya yake ikafunguliwa ikaonekana tupu, na mapema 1992 gazeti lake likafa. Form likanunua mabaki, na mwaka huohuo likaanza kuchapisha namba zilezile. Tangu hapo mtu yeyote mwenye pesa ya gazeti, hata aliyeamka saa tano asubuhi, alikuwa na S3 na F4 za mzee wako bila kujua kwamba anazo. Beyer mwenyewe amekiri waziwazi kwamba namba zikishakuwa za wote, malipo yake hushuka.

Mimi nilikuwapo Aqueduct majira yale. Watu walishangilia, mimi pia. Ilinichukua kama mwaka mmoja kugundua kwamba wale wazee wa meza ya kona, wenye madaftari yenye mpira wa kufungia, walikuwa wamepungua mmoja mmoja. Hakuna aliyewafukuza.

Kwa hiyo mzee aliposema watu kama hawa hawaandiki tena, nadhani hakuwa akisema waandishi wa leo hawana akili. Wapo, tena wengine wana kompyuta zinazomeza mbio za nchi nzima kabla hujamaliza chai. Alichokosa ni siku ambazo makala ilikuwa nusu ya kazi na nusu nyingine ilikuwa yake, usiku, mezani. Na usimfanye malaika. Majarida mengi yalikuwa takataka, na wengi wa wasomaji wake walipoteza fedha za kodi ya nyumba. Hata hao kina Ainslie, ukiwasoma vizuri, walisema wazi kwamba wanaopata faida ni wachache mno. Kipenzi cha umma, yaani farasi aliyewekewa pesa nyingi kuliko wote, hushinda kama mara moja kati ya tatu, na ukimcheza kila mara, makato yale yatakumaliza taratibu. Tazama kama daftari lina safu ya dola pembeni. Kama ina alama za kutoa nyingi kuliko za kujumlisha, ndivyo ilivyokuwa kwa karibu wote. Kama haina safu kabisa, nafikiri hilo linasema zaidi kumhusu: alikuwa akitaka kujua ukweli wa Alhamisi, basi.

Sanduku lenyewe, kwa pesa, halina kitu kikubwa. Majarida haya yalichapwa kwa wingi kwenye karatasi duni, na wanunuzi wake ni wazee wanaopungua. Usiyatupe hata hivyo, na usiyauze moja moja. Yatoe kwenye sanduku la karatasi kama lina unyevu, yalaze bapa, yasikae juani, usibandike utepe penye machaniko. Keeneland, kule Lexington, Kentucky, wana maktaba ya mbio za farasi inayotunza vitu vya namna hii. Wao na Chuo Kikuu cha Kentucky ndio walioweka matoleo ya kale ya Daily Racing Form kwenye intaneti ili yeyote ayasome bure. Waandikie. Waambie una majarida, lakini tanguliza daftari, na uwaambie vyote vilikuwa vya mtu mmoja na vimekaa pamoja. Usifute alama yoyote ya penseli pembezoni mwa kurasa, hata ile inayoonekana kama uchafu.

Ombi langu moja, kama wanawe hawatajali. Nipigie picha ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Preakness ya 1992, mbio kubwa ya mwaka hapo Pimlico, ilikimbiwa Mei 16, akashinda farasi Pine Bluff. Ningependa kujua kama siku hiyo mzee alikuwa bado na penseli mkononi.